Pigo la Shingo Lisipuuzwe



Mtu akikatwa kidole na mashini, wote huona damu na gari huitwa upesi. Lakini mtu akipigwa shingoni na mkanda uliokatika au waya uliofyatuka, mara nyingi huinuka mwenyewe, akajipangusa vumbi, akaambiwa, "Kunywa maji, rudi kazini." Sisi twasema kwamba amri hiyo yaweza kuua.

Njia ya pumzi hupita mbele ya shingo, wala haina nyama nyingi ya kuikinga. Ikipondwa, mtu aweza kupumua vizuri kwanza, kisha uvimbe ukakua ndani kidogo kidogo hata njia ikazibika baada ya saa kadhaa. Na ubongo ukikosa hewa kwa dakika 4 au 5 tu, huanza kuharibika.

Yatupasa sote kuzijua dalili. Sauti imekwaruza au imepotea. Pumzi ina mlio. Anakohoa damu, au anaumia akimeza. Shingo imevimba, na ukiigusa ngozi inachakarika kama karatasi, kwa kuwa hewa imepenya chini yake. Hawezi kulala chali. Dalili moja yatosha kumpeleka hospitali, hata kama anasema hajambo.

Gari likingojewa, mwacheni akae vile anavyopumua vizuri. Msimpe maji wala chai. Damu ikitoka, bonyezeni penye jeraha kwa kitambaa safi, bali msizungushe bendeji shingoni. Msimgeuze-geuze shingo, maana huenda mifupa yake imeumia. Akizimia, sukumeni taya la chini mbele bila kukunja shingo. Kinywa kikijaa damu, mlazeni ubavu, kichwa na mwili vikigeuzwa pamoja. Akiacha kupumua, abonyezwe kifua na kupuliziwa pumzi mara moja. Na huko hospitali mwambieni daktari wazi kwamba alipigwa shingoni, kwa sababu mpira wa kupumulia ukisukumwa bila kuona njia waweza kuzidisha mpasuko. Huenda ikambidi daktari wa upasuaji atoboe njia chini ya koo.

Sasa twawageukia waajiri. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yawataka waweke sanduku la huduma ya kwanza. Lakini sanduku lililotiwa kufuli, na ufunguo uko kwa karani aliyekwenda nyumbani, lamfaa nini mtu wa zamu ya usiku? Twataka kila zamu iwe na mtu aliyefundishwa, gari liwe tayari, na mikanda ya mashini iwekewe vizuizi. Watasema mafunzo hupoteza saa za kazi. Twajibu kwamba mazishi nayo hupoteza saa, na aliyezikwa harudi kazini.

Kila tawi na limwulize mwajiri wake wiki hii: usiku wa leo, ni nani mwenye ufunguo?

Umoja ni nguvu.