Kifungu cha 10 na Beki wa Bunia

KANDO YA MTO, na Mzee Toleka

Nigeria walishtaki. Sawa, aliyepigwa ana haki ya kulia. Sisi Wakongomani tuliwatoa kwa penalti kwenye mchujo wa Kombe la Dunia pale Rabat tarehe 16 Novemba 2025, 4 kwa 3, Chancel Mbemba akipiga ile ya mwisho. Desemba tukasikia wameenda FIFA kusema baadhi ya wachezaji wetu si halali, kwa sababu sheria ya Kongo haikubali mtu kuwa na uraia wa nchi mbili. Mimi na Wanigeria hatuna ugomvi. Ugomvi wangu ni na meza iliyo karibu na mlango, pale Makiso, hapa Kisangani, kwa mama anayeuza liboke, samaki wa kwenye majani.

Kwenye meza hiyo wakili mmoja, Maître kama tunavyowaita, tai shingoni na jua lile lote, alikuwa anawafundisha vijana kwamba Nigeria wanasema kweli. Mabeki wetu Axel Tuanzebe na Aaron Wan-Bissaka ni Waingereza, alisema. Akataja kifungu cha 10 cha Katiba ya 2006: uraia wa Kongo ni mmoja, na haushikwi pamoja na mwingine. Alikisema kwa Kifaransa, akakirudia polepole, kama anayefundisha watoto wa darasa la kwanza. Kijana mmoja aliyevaa jezi ya Leopards, timu yetu ya taifa, akaitikia: "Ni kweli, Papa. Wale ni wazungu tu."

Jezi ya Leopards! Usiku ule wa Rabat huyo huyo alikuwa amepanda juu ya kiti, shati mkononi, anambusu kila aliyepita, na mimi nikiwemo.

Samaki akanikwama kooni. Nikauliza: "Maître, huyo Tuanzebe alizaliwa wapi?" Akajibu upesi, maana watu wa aina yake hujibu upesi: "Manchester."

Alizaliwa Bunia, tarehe 14 Novemba 1997. Bunia ile na Kisangani hii zilikuwa jimbo moja, Jimbo la Mashariki, makao makuu yakiwa hapa hapa kwetu, mpaka 2015 tulipokatwa vipande vinne. Mtoto huyo ni wa nyumbani. Aliondoka akiwa mdogo mno hata kuchagua viatu vyake, sembuse uraia. Na mzazi gani wa upande huu angelaumiwa kwa kumtoa mtoto miaka ile? Juni 2000 sisi wenyewe tulilala chini ya vitanda siku sita, majeshi ya Rwanda na Uganda yakirushiana mabomu juu ya mapaa yetu. Wakati ule sikumsikia mtu akisoma kifungu.

Kijana akakulia Rochdale, akalelewa na Manchester United, akawa nahodha wa timu yao ya vijana, akavaa na jezi za vijana wa Uingereza. Oktoba 2020, baada ya miezi mingi ya majeraha, walimkabidhi Mbappé wa PSG huko Paris, akambana, United wakashinda 2 kwa 1. Januari iliyofuata wakafungwa nyumbani na Sheffield United, na watu wakamjazia matusi ya rangi mtandaoni. Huko kosa lake ni ngozi, huku kosa lake ni pasipoti.

Majeraha yamemla miaka. Ipswich walimchukua 2023, wakapanda daraja naye. Oktoba 2024 nusura apoteze kidole gumba akiwa anaosha vyombo nyumbani kwake. Nilipomsimulia mke wangu, hakuuliza kidole kiliponaje. Aliuliza kama wanaume wa namna hiyo bado wapo, na wanapatikana wapi. Hapo tu ndipo ninapomwachia Maître: kwa habari ya vyombo, huyo kweli si Mkongomani.

Wan-Bissaka ni wa Croydon, London, hilo silifichi. Lakini mwaka 2015 aliwahi kuichezea Kongo katika timu ya chini ya miaka 20, kabla Waingereza hawajamwita kwenye vijana wao. Mwaka 2025 akarudi, na FIFA, ambao ndio wenye mpira wao, wakamruhusu. "Wanakuja kwa sababu Uingereza imewakataa," Maître akasema. Na iwe hivyo! Timu yenyewe ingekaa ikisubiri wasiokataliwa na mtu, tungekuwa tunaangalia Kombe la Dunia kwa jirani mwenye jenereta, kama kawaida yetu tangu 1974.

Tena tangu lini tukawa wakali wa vifungu? Nchi hii inafuata kimoja tu, cha 15, na hata watoto wa toleka, hizi teksi zetu za baiskeli, wanakijua: jitafutie. Hicho cha 10 kilifika Bungeni mwaka 2007, ikaonekana wabunge wengi wana uraia wa pili. Wakapewa muda wa kujirekebisha. Muda huo nadhani bado unaendelea, maana sijaona aliyenyang'anywa kiti.

Basi ndugu zetu wa Nigeria wakitaka kututikisa kweli, wamwache beki wa Bunia acheze. Wawaombe FIFA watume mkaguzi mmoja uwanja wa ndege wa N'djili, kwenye chumba cha waheshimiwa, Ijumaa yoyote jioni, awapapase mifuko ya makoti.