Deni la Bwana, Jina la Bibi



Msimu wa harusi umefika, na sisi tumo mbioni na mabibi harusi wetu: singo, hina, gauni la kuchagua, sanduku la kufunguliwa mbele ya mashangazi. Kila kitu kinahesabiwa. Doti za kanga, vitenge, udi, bangili, mpaka chupa za manukato zinapangwa sakafuni watu wazione. Kuna kitu kimoja mwari anaingia nacho kwa mumewe na hakuna shangazi anayekihesabu, nacho ni jina lake mbele ya wenye pesa. Leo tunalisema hilo, na tutalisema kwa ukali kidogo. Mtusamehe.

Binti yetu mmoja wa hapa Unguja aliolewa mbali, Ngenge, wilaya ya Muleba mkoani Kagera. Mume Mhaya, Muislamu, mtu wa adabu, ana shamba la migomba na kahawa. Mwaka wa tatu wa ndoa binti akataka mkopo mdogo wa cherehani, maana ushonaji ndiyo kazi aliyotoka nayo kwao. Akaambiwa haiwezekani, jina lako lina deni. Akadhani wamemchanganya na mtu mwingine. Hawakumchanganya.

Kule Kagera kuna jambo linaitwa butura. Mkulima akibanwa na shida anauza kahawa ingali maua mtini, kwa bei ya kutupa, na mavuno yakifika si yake tena, ingawa mkewe na watoto ndio watakaochuma. Mume wa binti yetu aliingia butura msimu mmoja kwa ajili ya ada ya wadogo zake. Msimu uliofuata hakuwa na cha kuuza, akakopa kwenye simu, kisha akakopa pengine ili alipe kule kwa kwanza. Laini yake ilipokataa kukopa tena, akamgeukia mkewe: nipe yako, wiki ijayo narudisha. Akampa. Nani kati yetu asingempa? Baadaye akaletewa karatasi asaini, akasaini pia, na hata hakuuliza ni karatasi ya nini.

Sasa tusikilizane vizuri hapa, kwa sababu ndipo wengi tunapochanganya. Ndoa yenyewe haikumfilisi yule binti. Nchini kwetu kuna kanuni za Benki Kuu za mwaka 2012 kuhusu taarifa za wakopaji, na kampuni zilizopewa leseni ya kuzitunza, kama Creditinfo na Dun & Bradstreet. Mabenki yanapeleka huko habari za nani kakopa, nani kalipa, nani kachelewa. Faili ni la mtu mmoja mmoja. Hakuna faili la nyumba wala la ukoo. Bwana akifilisika kwa deni alilokopa peke yake kwa jina lake, lako linabaki kama lilivyokuwa.

Linachafuka kwa mkono wako mwenyewe. Laini ya simu siku hizi imesajiliwa kwa alama zako za vidole na namba yako ya NIDA, kwa hiyo mkopo uliotoka kwenye laini ile ni wako, hata kama hela hukuziona. Ukikopa pamoja naye, deni lote linaweza kukuangukia wewe. Na ukisaini kuwa mdhamini, umesema kwamba yeye akishindwa, njooni kwangu.

Kuna sahihi nyingine tena, watu wanaifananisha na hiyo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka mwenzi aridhie kabla nyumba ya familia haijawekwa rehani. Kuridhia si kudhamini. Ukiridhia, nyumba inaweza kupotea, na hilo si dogo. Ukidhamini, unadaiwa wewe, hata ukienda kwenu na begi moja mkononi. Karatasi hizo mbili huja zimekunjwa pamoja, na wino wa kalamu ni ule ule. Ulizeni ipi ni ipi. Afisa akikasirika, na akasirike.

Lakini kilichotuchoma zaidi si hicho. Binti alipokwenda kwenye kikundi cha kina mama, hawakuangalia faili lolote. Walisema tu, huyu ni mke wa fulani, fulani kafilisika, tukimpa zitaliwa kule kule. Wanawake hao! Wenye waume wao wenye butura zao! Walimhukumu kwa madeni ya mtu mwingine, kisha wakasoma dua ya kufunga kikao. Mwanamke aliyefungiwa mlango na wenzake ataangukia wapi? Kwenye kausha damu, mikopo ile ya marejesho ya kila siku inayomtoa mama ndani ya nyumba yake. Sisi ndio tunaompeleka huko, halafu tunamsikitikia.

Na Kagera ni mkoa ambao mwanamke alikwishalipigania hili. Bibi Holaria Pastory, Mhaya, alirithi shamba kwa wosia wa baba yake, akaliuza, na mpwa wake akaenda mahakamani kudai kwamba kwa mila mwanamke hana haki ya kuuza ardhi ya ukoo. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza akasema anayo, sawa na mwanamume. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo inamtambua mke kuwa na mali yake na mikataba yake. Sheria hiyo haitumiki hapa Zanzibar, lakini sisi tuna hoja ya zamani zaidi. Mahari ni ya mke, Suratun Nisaa imelimaliza hilo. Bibi Zaynab, mke wa Abdullah bin Mas'ud, alituma kumuuliza Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, kama sadaka yake kwa mume wake inahesabika, na jibu likawa kwamba ana ujira mara mbili. Fikirini. Huwezi kumtolea mtu sadaka kutoka mfukoni mwake mwenyewe. Mifuko ilikuwa miwili.

Tunajua kuna makungwi watakaosema tunawafundisha wari ukaidi. Ati mke mwema hamnyimi mumewe sahihi. Hasha. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Al-Baqarah 282, inahusu deni: liandikwe, na mashahidi wawepo. Hakuna mahali iliposema isipokuwa kwa mke na mume. Msaidie bwana, mpe bangili zako ukitaka, hiyo ni hiari yako na thawabu zako. Bangili ikienda imekwenda, unajua ulichotoa. Jina likienda unakuja kulijua siku unayolihitaji.

Na riba? Ni haramu, hatubadilishi neno hapo. Ila hata ukienda kwenye benki ya Kiislamu kununuliwa cherehani kwa murabaha, rekodi yako itaangaliwa vile vile.

Yule binti sasa ameomba taarifa zake aone kilichoandikwa, kwa kuwa ni haki yake kuziona na kupinga lisilo sahihi. Sehemu kubwa ilikuwa sahihi. Wamekubaliana na mumewe, mbele ya wajomba wawili, kiasi gani cha kila msimu kilipe deni la laini ile kwanza, na butura basi. Laini anakaa nayo yeye. Cherehani anaazima kwa jirani, siku za Jumatatu na Alhamisi.