Kuona Gizani Hakutoshi: Mafunzo ya Texas Katika Vita Dhidi ya Nguruwe Mwitu

Na Mwandishi Wetu

Katika mashamba ya mahindi ya Jimbo la Texas nchini Marekani, kazi ya siku nzima ya kupanda yaweza kuharibiwa kwa usiku mmoja. Kundi la nguruwe mwitu huingia shambani giza likishatanda, hufuata mstari wa mbegu na kupekua udongo kwa pua, likila punje moja baada ya nyingine hadi mwisho wa shamba. Kunapopambazuka, wanyama hao wamekwisha kurejea vichakani, na mkulima hubaki na mashimo yanayomlazimu kununua mbegu na mafuta ya trekta kwa mara ya pili.

Ni hasara hiyo ya usiku iliyozaa shughuli ambayo leo ni biashara kamili katika jimbo hilo, yaani uwindaji wa nguruwe unaofanyika usiku mashambani, chini ya mwongozaji mwenyeji, kwa kutumia darubini zinazotambua joto la mwili. Mgeni hulipa ada, mwongozaji humpeleka katika shamba ambalo mwenyewe ametoa ridhaa, na bunduki hufungwa darubini inayomwonyesha mnyama kama umbo jeupe katikati ya giza.

Swali linalostahili kuulizwa, hata na mwananchi aliye mbali na Texas, ni kama njia hiyo inapunguza nguruwe au inapunguza hasira za wakulima tu. Jibu lina maana kwa nchi yoyote ambayo wakulima wake hukesha wakilinda mazao dhidi ya wanyama waharibifu, Tanzania ikiwemo.

Chanzo cha tatizo

Nguruwe hao si wanyama wa asili wa Amerika. Wahispania waliwaleta nguruwe wa kufugwa katika ardhi ambayo sasa ni Marekani Bara, na msafara wa Hernando de Soto uliotua Florida mwaka 1539 ulikuwa miongoni mwa iliyowaleta mapema. Waliotoroka walizaliana porini. Baadaye, katika miaka ya 1930, nguruwe mwitu wa Ulaya waliingizwa Texas kwa ajili ya uwindaji wa burudani. Nao wakatoroka na kuchanganyika na wale wa mwanzo. Kwa hiyo, sehemu ya tatizo linalopigwa vita kwa uwindaji ililetwa na uwindaji wenyewe.

Idara ya Kilimo ya Marekani inakadiria kuwa nchi hiyo ina nguruwe mwitu zaidi ya milioni 6, na kwamba wamekwisha kuonekana katika majimbo yasiyopungua 35. Texas pekee inakadiriwa kuwa na zaidi ya milioni 2.5, waliosambaa karibu katika kaunti zake zote 254. Mwaka 2014 Serikali ya nchi hiyo ilianzisha mpango wa kitaifa wa kudhibiti madhara yao kwa bajeti ya dola milioni 20 kwa mwaka, na Sheria ya Kilimo ya mwaka 2018 ikaongeza dola milioni 75 kwa ajili ya mradi wa majaribio wa kuwaondoa.

Nguvu ya mnyama huyu iko katika uzazi. Jike huweza kuanza kuzaa kabla ya kutimiza mwaka mmoja, mimba yake huchukua takriban siku 115, na kila uzao huleta wastani wa watoto wanne hadi sita. Wataalamu wa ugani wa Chuo Kikuu cha Texas A&M wamekadiria kuwa ili idadi ya nguruwe isiongezeke, lazima takriban asilimia 66 yao waondolewe kila mwaka. Makadirio yao ya kiasi kilichokuwa kikiondolewa kwa njia zote, mitego na helikopta zikijumuishwa, yalikuwa karibu asilimia 29 tu. Katika pengo kati ya tarakimu hizo mbili ndimo udhaifu wa mkakati mzima unapoonekana.

Darubini ya joto inavyofanya kazi

Kila kiumbe chenye uhai hutoa mionzi ya joto ambayo jicho la mwanadamu haliwezi kuiona. Kitambuzi kilichomo ndani ya darubini hupokea mionzi hiyo na kuigeuza kuwa picha, ambapo kilicho na joto hutofautishwa na kilicho baridi. Kifaa hiki hakihitaji mwezi, nyota wala tochi. Hufanya kazi vizuri zaidi ardhi inapokuwa imepoa, na hudhoofika kunapokuwa na ukungu mzito au mvua.

Hata hivyo, kuna tofauti kubwa kati ya kuona kwamba pana kitu na kutambua kitu hicho ni nini. Umbo la joto huweza kuonekana kutoka mbali sana, ilhali kutambua kama ni nguruwe, ndama, mbwa wa jirani au mtu aliyeinama huhitaji kusogea karibu zaidi. Aidha, darubini ya joto haionyeshi vizuri uzio wa waya wala nyumba iliyo nyuma ya miti, vitu ambavyo mpiga risasi anapaswa kuvijua kabla ya kufyatua. Ndiyo maana mwongozaji ni muhimu kuliko kifaa. Yeye ndiye anayeijua mipaka ya shamba, mahali walipo ng'ombe, upande ambao risasi itaishia ardhini na upande ambao ni mwiko kulenga.

Sheria za Texas zimeipa shughuli hii nafasi pana. Nguruwe hao hawahesabiwi kuwa wanyama wa uwindaji wanaolindwa kama walivyo kulungu. Huruhusiwa kuwindwa usiku na mchana, mwaka mzima, bila ukomo wa idadi. Mwaka 2011 jimbo hilo liliruhusu wenye ardhi kukodisha nafasi za kuwapiga kutoka kwenye helikopta. Tangu Septemba 2019, anayewawinda katika ardhi binafsi kwa ridhaa ya mwenye ardhi hahitaji hata leseni ya uwindaji.

Kwa nini risasi hazijatosha

Pamoja na uhuru wote huo, nguruwe bado wapo. Sababu ya kwanza ni tabia yao. Majike na watoto huishi katika makundi, na mlio wa kwanza wa bunduki huwatawanya. Watatu au wanne wakianguka, waliosalia hujifunza kuliepuka shamba hilo kwa muda na kuhamia la jirani. Kwa mkulima aliyetoka kupanda, hilo ni nafuu ya kweli, kwa kuwa mbegu zake hupata siku chache za kuota. Kwa wilaya nzima, ni tatizo lililohamishwa tu.

Sababu ya pili ni fedha. Pale nguruwe anapokuwa chanzo cha kipato cha mwongozaji na mwenye ardhi, huanza kuonekana kama mali. Jimbo la Tennessee lilijifunza hilo kwa gharama kubwa. Mwaka 1999 lilifungua uwindaji wa nguruwe mwitu katika jimbo zima bila ukomo, likitarajia wapungue. Kilichotokea ni kinyume: watu waliotaka kuwinda karibu na makwao waliwasafirisha nguruwe kwa siri na kuwaachia katika maeneo ambayo hawakuwahi kuwapo, na wanyama hao wakasambaa katika kaunti nyingi za jimbo hilo. Mwaka 2011 Tennessee ilibadilisha kanuni zake ili kuondoa kishawishi hicho.

Katika kambi ya jeshi ya Fort Benning, Jimbo la Georgia, wawindaji waliwahi kulipwa dola 40 kwa kila mkia wa nguruwe waliouwasilisha. Zaidi ya nguruwe 1,000 walilipiwa, lakini watafiti waliofuatilia zoezi hilo hawakuona idadi ikipungua. Chakula kilichomwagwa na wawindaji kama chambo kiliwanenepesha nguruwe waliosalia.

Kwa upande mwingine, Idara ya Uhifadhi ya Jimbo la Missouri ilipiga marufuku uwindaji wa nguruwe hao katika maeneo inayoyasimamia mwaka 2016. Badala yake, watumishi wake na wenye ardhi hutega mitego mikubwa ya uzio, huwazoesha nguruwe kuingia kula kwa siku kadhaa, kisha hufunga lango kundi zima likiwa ndani. Darubini ya joto na bunduki hutumika mwishoni, kuwamalizia wachache waliokwepa mtego. Maeneo yenye nguruwe katika jimbo hilo yamepungua kwa kiasi kikubwa tangu wakati huo. Tofauti kati ya Texas na Missouri haikuletwa na ubora wa darubini. Missouri imejiwekea lengo la kundi zima, wakati mwindaji mgeni wa Texas huridhika na mnyama mmoja mmoja.

Uzoefu huo na wakulima wa Tanzania

Ni lazima kutahadhari kabla ya kulinganisha. Nguruwe pori wa Tanzania ni mnyama wa asili, sehemu ya mazingira yetu na chakula cha simba na chui. Chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, wanyamapori ni mali ya umma na uwindaji wowote unahitaji kibali, hata kama mnyama yumo ndani ya shamba la mtu. Umiliki wa silaha nao unasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Uhuru alionao mwenye ardhi wa Texas haupo hapa, na kuna sababu ya msingi: aina isiyotakiwa kuwapo na aina inayohifadhiwa haziwezi kutawaliwa kwa kanuni moja.

Lakini usiku wa mkulima unafanana. Katika Rufiji, Lindi na maeneo mengine ya kusini mashariki, wakulima hujenga madungu mashambani na kulala humo wakati mazao yanapokaribia kukomaa, ili kuwafukuza nguruwe pori. Gharama ya ulinzi huo imewahi kupimwa kwa uhai wa watu. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2005 na Craig Packer pamoja na wenzake, wakiwemo watafiti wa Kitanzania, ulieleza kuwa kati ya mwaka 1990 na 2004 simba waliua zaidi ya watu 563 nchini na kujeruhi wasiopungua 308. Mashambulizi yalikithiri msimu wa mavuno, na katika wilaya zilizokuwa na nguruwe pori wengi na wanyama wengine wachache. Simba waliwafuata nguruwe hadi mashambani, na huko wakawakuta watu wamelala.

Kwa hiyo, kumdhibiti nguruwe pori ni suala la usalama wa chakula na pia la maisha ya mkulima. Na hapo ndipo mafunzo ya Marekani yanapofaa. La kwanza, mafanikio yapimwe kwa hasara iliyobaki shambani na kwa idadi ya watu wanaolazimika kulala dunguni, wala si kwa idadi ya nguruwe waliouawa. La pili, hatua za shamba moja huhamishia tatizo kwa jirani. Uzio, mitaro, ulinzi wa zamu na doria vipangwe kwa kijiji kizima na kabla ya msimu. La tatu, udhibiti usifungamanishwe na biashara inayohitaji nguruwe waendelee kuwapo.

Teknolojia ya joto nayo ina nafasi yake, mikononi mwa askari wa wanyamapori waliopata mafunzo. Katika eneo la Maasai Mara nchini Kenya, kamera za aina hiyo zilianza kutumika mwaka 2016 kuwabaini majangili usiku. Kifaa kinachoweza kumwonyesha jangili kinaweza pia kumwonyesha askari simba aliyejificha pembezoni mwa shamba kabla ya mlinzi kushuka dunguni. Faida hiyo haihitaji risasi hata moja.

Jambo moja zaidi linahusu afya ya mifugo. Homa ya nguruwe ya Afrika, iliyoelezwa na wanasayansi kwa mara ya kwanza kutoka Kenya mwaka 1921, haina tiba. Nguruwe pori na ngiri huweza kubeba virusi vyake bila kuugua, wakati nguruwe wa kufugwa hufa kwa wingi. Mfugaji anapaswa kuhakikisha nguruwe wake hawazururi ovyo na hawalishwi mabaki ya nyama ya nguruwe pori, na kutoa taarifa kwa afisa mifugo mara aonapo vifo visivyo vya kawaida.

Mwananchi anayesumbuliwa na wanyama waharibifu anashauriwa kutoa taarifa mapema kwa serikali ya kijiji na kwa afisa wanyamapori wa wilaya, kabla mazao hayajaisha. Kutumia sumu, kutega nyaya au kuwinda bila kibali ni kosa la jinai, na mara nyingi huua mbwa, mifugo na hata watu. Taarifa hizo pia ndizo zinazoiwezesha Serikali kutathmini uharibifu na kushughulikia malipo ya kifuta jasho na kifuta machozi kwa wanaostahili, kwa mujibu wa Kanuni za mwaka 2011. Kijiji kinachoandika tarehe, shamba na ukubwa wa hasara kila msimu humpa afisa wanyamapori msingi wa kupanga doria mahali inapohitajika zaidi.