Barua ya skauti ikifika nyumbani, mzazi anaona bili tu

Barua yenyewe huwa nusu karatasi, imekunjwa mara nne, imekaa chini ya begi siku tatu pamoja na makombo ya mandazi. Juu kuna jina la shule. Chini kuna bei ya sare, bei ya kambi na siku ya mwisho ya kulipa. Mama anaisoma akiwa amesimama jikoni, anauliza, "Na hii ni ya nini tena?" Mtoto anajibu, "Ya skauti." Kwa nyumba nyingi hapa Nairobi, mjadala huishia hapo.

Jirani yangu kwa ploti alipata barua kama hiyo muhula uliopita. Bintiye yuko Gredi ya 5. Akanigongea mlango jioni, kwa sababu mimi ndiye kijana wa intaneti hapa, na chochote kisichoeleweka huletwa kwangu, kuanzia eCitizen hadi tokeni za stima.

"Wewe kijana, hii skauti ni nini haswa? Usiniambie ni kupiga saluti."

"Mathe, si kupiga saluti tu," nikamwambia. Halafu nikakwama. Sikuwahi kuwa skauti mwenyewe. Nilichojua ni kile anachojua kila mtu: watoto wa kaki na skafu shingoni wanaosimama juani siku ya Madaraka wakionyesha waheshimiwa viti. Ikabidi nitafute.

Nilichogundua kwanza ni kwamba kosa si la wazazi. Kule Uingereza vikundi vingi vya skauti viko mtaani. Mzazi anampeleka mtoto ukumbini jioni, anamwona kiongozi, na mara nyingi yeye mwenyewe anaombwa kujitolea. Hapa kwetu skauti inaishi ndani ya shule. Kiongozi ni mwalimu, mkutano ni baada ya masomo, na mzazi hakanyagi pale. Kitu pekee kinachomfikia ni bili. Sasa utamlaumu vipi akidhani ni njia nyingine ya shule kuchota pesa, ilhali amekwisha kulipia chakula, masomo ya ziada, karatasi za kuchapisha na basi la ziara?

Basi tuanze pale ambapo barua ingeanza.

Chama cha Maskauti cha Kenya kinawagawa watoto kwa umri, na majina yenyewe ni ya Kiswahili, tena matamu. Sungura ni wale wadogo, kuanzia miaka 6. Chipukizi ni wanaoingia ubarobaro. Mwamba ni wa sekondari. Jasiri ni vijana waliopita miaka 18, kwa hivyo hata sisi tuliomaliza shule tuna kiti pale. Mtoto anajifunza kufunga mafundo, kuwasha moto, kupika nje, kusoma ramani na dira, huduma ya kwanza, na kufanya kazi ya jamii kama kupanda miti na kusafisha mtaa. Akifuzu kitu anapata beji.

Lakini hayo ni maganda. Kiini ni kile kikundi kidogo. Watoto wanawekwa wachache pamoja, sita, saba, nane hivi, na anayewaongoza si mwalimu. Ni mtoto mwenzao. Mtoto wa miaka 13 anaambiwa: hawa ni watu wako, hakikisha wamekula, hema limesimama, na hakuna aliyepotea. Wakikosana, anza kusuluhisha wewe. Mwalimu yupo, ila anakaa kando kidogo. Robert Baden-Powell alijaribu mpango huu mara ya kwanza Agosti 1907 kwenye kisiwa cha Brownsea, Uingereza, na wavulana kama 20. Leo dunia ina maskauti zaidi ya milioni 50.

Hapa ndipo nataka kugombana kidogo na wazazi wanaokubali haraka. Kuna mzazi anayelipa akiwa na sababu moja tu: "Huyu mtoto amekuwa kichwa ngumu, wacha wamnyooshe." Na tangu vijana waingie barabarani Juni 2024 kupinga Mswada wa Fedha, kilio cha "watoto hawana nidhamu" kimekuwa kama wimbo wa taifa kwa watu wazima. Pole sana, lakini ukitaka mtoto wa kunyamaza, skauti si mahali pake. Mtoto aliyezoea kuongoza wenzake wanane atarudi nyumbani na maswali. Atakuuliza kwa nini takataka zinatupwa pale mtoni, na kwa nini wewe pia unazitupa. Wale waliokuwa wakibeba maji na kufunga watu majeraha kwenye yale maandamano walikuwa na nidhamu pia, sema tu haikuwa ile ya kusimama mguu sawa.

Upande wa pili kuna wanaokataa, na sababu yao kubwa si pesa. Ni kambi. Mathe aliisema bila kupinda: "Simjui huyo mwalimu. Na nani atalala na wasichana?"

Singemwambia anaogopa bure. Marekani, chama cha skauti cha wavulana kilitangaza kufilisika Februari 2020 kwa sababu ya kesi za unyanyasaji wa kingono. Waliojitokeza kudai walipita 82,000, na fidia iliyokubaliwa ni zaidi ya dola bilioni 2.4. Wengi walikuwa wamekaa na siri hiyo miaka mingi. Mwaka 2025 chama hicho kikabadili jina, kikawa Scouting America. Hiyo ni nchi yenye pesa na mawakili kila kona, na bado watoto hawakusikizwa hadi walipokuwa watu wazima.

Shirika la skauti la dunia lina mwongozo wa kulinda watoto unaoitwa Safe from Harm. Vizuri. Lakini mwongozo haulali kambini. Mzazi ana haki ya kuuliza: ni watu wazima wangapi wanaenda, wa kike ni nani, wamefunzwa na nani, watoto watalala wapi, na mtoto akitaka kupiga simu nyumbani saa nne usiku atatumia simu ya nani? Sheria inayojulikana kote kwenye skauti ni kwamba mtu mzima mmoja hapaswi kuwa peke yake na mtoto mmoja mahali pa faragha. Mwalimu akikasirika kwa sababu umeuliza hayo, tayari umepata jibu lako.

Kuhusu pesa, nitasema kwa ufupi maana inaniuma. Shule za mabwanyenye zinalipia kila kitu ndani ya karo. Za umma, mtoto asiye na sare anaangalia wenzake kutoka dirishani, na huyo ndiye anayehitaji kikundi kile zaidi. Kwangu enzi hizo mama alisema hatuna, na mambo yakaisha. Skafu inaweza kununuliwa kwanza, shati baadaye. Shule ziseme hivyo kwenye barua basi, si kutupa jumla kubwa chini ya karatasi.

Kuna pia rafiki zangu wanaosema skauti ni kitu cha mkoloni. Ni kweli. Ilifika Kenya 1910, na haikuletwa kwa ajili ya watoto wetu. Baden-Powell alikuwa mwanajeshi wa himaya, alipigana vita vya kikoloni kusini mwa Afrika, na mwishowe akaja kukaa Nyeri, akafia huko Januari 1941. Kaburi lake liko pale hadi leo na maskauti wa nchi mbalimbali huja kulizuru. Lakini hata shule na mpira vilikuja na watu walewale, na hakuna anayemtoa mtoto darasani kwa sababu hiyo. Walioita watoto wao Sungura na Chipukizi walikwisha ibeba wakaifanya yetu.

Nilimwambia Mathe haya yote, akasikiliza akichambua sukuma. Wiki iliyofuata akaenda shuleni bila kuitwa. Mwalimu wa skauti, kijana tu, alishangaa, kwa sababu hakuna mzazi mwingine aliyewahi kuja kumuuliza. Alimwonyesha daftari la mahudhurio na mahali wanapofanyia mazoezi. Kuhusu mwalimu wa kike wa kambini, akasema "bado tunapanga."

Kwa hivyo Mathe amelipia skafu. Mtoto anakutana na wenzake kila Ijumaa, na kamba yetu ya nguo hapo nje imefunguliwa na kufungwa mara nyingi sana kwa ajili ya mafundo. Kambi ni Agosti. Pesa zake ziko ndani ya kopo la kahawa juu ya kabati, na hazitatoka hapo mpaka shule itaje jina la huyo mwalimu wa kike.