Biznesi si Biashara

Mji wa Butembo, huko Kongo, umejengwa na biashara kuliko ulivyojengwa na serikali, na wenyeji hulitaja jambo hilo bila majivuno, kama mtu atajavyo jina la babaye. Matajiri wake wa Kinande walizoea kuzipeleka fedha zao Dubai na Guangzhou, wakazingoja zirudi zikiwa vitenge na pikipiki. Kwa hiyo limenishughulisha muda mrefu kwamba watu hao hao, walipotafuta neno la kuivika tuhuma iliyowajaa vifuani katika miaka ya Ebola, kwamba maradhi yalikuwa mradi wa watu kujipatia fedha, waliliacha neno lao la heshima likapumzika, wakaazima la Waingereza: “Ebola business”. Na hiyo ni katika nchi ambayo lugha ya ofisi zake ni Kifaransa!

Neno lenyewe, kabla ya kuwa la fedha, lilikuwa la moyo. Katika Kiingereza cha kale “bisig” alikuwa mtu mwenye pilikapilika na wasiwasi, na “bisignes” ndiyo hali yake ya kuhangaika; likahama polepole likawa kazi ya mtu, kisha jambo limhusulo, hata kufika karne ya 18 likawa limekaa katika maana ya kuuza na kununua. Jirani yake kwetu ni shughuli, tuliyoipata kwa Waarabu, kwani nasi twasema mtu ana shughuli tukikusudia kazi, na jambo limemshughulisha tukikusudia kwamba limemnyima usingizi. Wafaransa walipolichukua neno la Kiingereza walilishusha hadi vijiweni, likawa pia jina la ulanguzi na mipango ya gizani. Nami nadhani limetufikia kwa mlango huo, wala si kwa njia ya Uganda, likiwa limekwisha kunuka.

Mtazame mama auzaye maharagwe sokoni. Hujaza kopo hadi punje zibingirike ukingoni, na akiisha kupokea noti yako huchota kiganja kingine akakimimina mfukoni mwako. Maharagwe wayaona, na faida yake waikisia. Hiyo ni biashara.

Ebola ilipotangazwa Mangina, karibu na Beni, tarehe 1 Agosti 2018, zikaja gari za kukodi safu kwa safu, na watu wa riposti, yaani wa kupambana na maradhi, wenye posho za kila siku, na vizuizi ambapo kipimajoto kilielekezwa penye paji la uso wa msafiri kama bastola. Wenyeji, ambao tangu Oktoba 2014 walikuwa wakizika jamaa zao waliouawa kwa mapanga, wakauliza mbona haraka ile haikuonekana kwao. Mwezi Desemba uchaguzi wa Beni na Butembo ukaahirishwa, kwa hoja ya maradhi na usalama, hadi Machi, rais mpya akiwa amekwisha kuapishwa. Mtu aulizaye katika hali hiyo ni nani anayefaidi, simwiti mjinga.

Walakini neno likiachwa lizurure halichagui wa kumgonga. Lilianza kwa kuzitaja gari, likaishia kuukana ugonjwa wenyewe. Vituo vya tiba vya Katwa na Butembo vikashambuliwa Februari 2019, na tarehe 19 Aprili Daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, akapigwa risasi hospitalini Butembo akafa. Maradhi yalipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, yalikuwa yamewaua watu 2,287 kati ya 3,470 walioyapata, na makaburi yao hayakuwa ya kukodi.

Katika muda huo huo surua, ambayo chanjo yake ni ya zamani na bei yake ni ndogo, iliwaua zaidi ya watu 6,000 nchini Kongo, wengi wao watoto wa chini ya miaka mitano. Sikuona safu ya gari zilizokodiwa kwa ajili yake, wala sikumsikia mtu akiiita biznesi.