"Kwenu ni wapi?" Swali la dirishani lililomtoa jasho binti wa Parklands

Jumamosi moja ya Mei 2025, nikiwa na leso kiunoni na ufagio mkononi, nilisikia hodi mlangoni. Kufungua, nikamwona mhasibu mmoja wa Parklands niliyemjua tangu nilipokuwa mwanahabari mbichi. Wakati huo yeye ndiye aliyekuwa akiandika hundi katika kiwanda cha uchapishaji kule Industrial Area, nasi waandishi wa vijarida tulimheshimu sana kwa kuwa hakuwahi kutuzungusha. Nyuma yake alisimama bintiye, amekumbatia faili nene kama tofali.

"Dada, tumekuja kukusumbua," akasema mzee. "Mtoto amepata chuo Marekani, lakini tumekwama."

Hawakuwa wamekwamia alama, msomaji wangu. Wala si pesa hasa, ingawa pesa nazo zilikuwa zimemnyima mzee usingizi. Barua ya kujiunga na chuo kikuu kimoja cha Texas kusomea uhandisi wa ujenzi ilikuwamo failini. Ilikuwamo pia ile fomu iitwayo I-20, ambayo chuo humpelekea mwanafunzi kikishamkubali na kuona kwamba kuna mtu wa kumlipia. Kilichowakwamisha ni swali dogo ambalo wewe na mimi tungelijibu hata tukiwa usingizini.

"Anti," binti akaniuliza, "ofisa wa viza akiniuliza kwetu ni wapi, nimjibu nini?"

Nusura nicheke. Kisha nikaiona pasipoti yake. Ilikuwa ya India.

Hapa pana jambo ambalo wengi wetu hatulifikirii tunapopita Diamond Plaza kununua bhajia. Tunawaona Wahindi wa Nairobi wote kuwa kundi moja. Wapo walio raia wa Kenya, ambao babu zao walikuja zamani za reli na maduka, na ambao serikali iliwatangaza kuwa kabila la 44 mnamo Julai 2017. Hao wakienda kuomba viza, shida zao ni zizo hizo zangu na zako. Lakini wapo wengine waliokuja kwa kibali cha kazi, kama huyu mhasibu wetu aliyetoka Gujarat. Mtoto wao huzaliwa hapa Nairobi, akasoma hapa, akaota meno na kuyang'oa hapa, na bado akawa mgeni. Katiba yetu ya 2010 humpa mtoto uraia wa kuzaliwa kwa sababu ya uraia wa mama au baba, si kwa sababu ya hospitali aliyozaliwa. Pale Nyayo House, binti huyu anajulikana kwa pasi ya mtegemezi na kadi ya mgeni. Na India nako, ambako pasipoti yake inasema ndiko kwao, ameenda mara tatu tu maishani, mara moja ikiwa ni kumzika nyanya.

Jamaa mmoja wa mjini, mmoja wa wale wanaojiita mawakala, alikuwa amekwisha kuwapa jibu. Binti aseme kwao ni Rajkot. Naye wakala, kwa ada inayoweza kununua ng'ombe wa maziwa, angetengeneza hati za shamba la Rajkot kwa jina la babake, pamoja na taarifa ya benki iliyonona. "Ofisa anataka kuona una kwenu," aliwaambia. "Mpe kwenu."

Mzee alikuwa ameanza kushawishika. Usimlaumu. Mzazi aliyekwisha kulipia mitihani ya Kiingereza kwa miaka miwili hufika mahali akaamini lolote.

Nilimwambia ajue kwanza sheria inasema nini, kwa kuwa wengi huiogopa bila kuisoma. Sheria ya uhamiaji ya Marekani, katika kifungu kile mashuhuri cha 214(b), humchukulia kila anayeomba viza ya aina hii kuwa anakwenda kuhamia, mpaka aonyeshe kwamba sivyo. Ndiyo maana vijana wengi werevu hurudi kutoka Gigiri na karatasi ya kunyimwa, wakashindwa kuelewa kosa lao. Alama za juu hazikujibu swali. Lakini sheria hiyo hiyo inapomweleza mwanafunzi, haisemi lazima awe na nyumba katika nchi ya pasipoti yake. Inasema awe na makazi nje ya Marekani ambayo hana nia ya kuyaacha. Makazi, bwana. Na makazi ya binti huyu yalikuwa Third Parklands Avenue, ghorofa ya pili, ambako nyaya za nguo za mamake huonekana kutoka barabarani.

Kwa hiyo ukweli ulikuwa upande wake, naye alikuwa karibu kuununulia uongo. Na uongo huo una bei kubwa. Anayenyimwa viza kwa kukosa kumridhisha ofisa anaweza kurudi tena, ingawa ada yake hairudi. Anayepatikana na hati bandia au maelezo ya uongo hupigwa marufuku ya maisha, ambayo kuondolewa kwake ni kwa nadra na kwa taabu.

Kuhusu taarifa ya benki, ilibidi nitoboe siri yangu. Baada ya diploma yangu ya uandishi nilipata nafasi ya kozi ya miezi 6 ng'ambo. Mjomba, Mungu amrehemu, alikopa pesa za chama akaziweka katika akaunti yangu Jumatatu. Ijumaa nikawa dirishani katika ubalozi fulani. Ofisa akaitazama taarifa, akaweka kidole kwenye tarehe, akaniuliza pesa hizi zilitoka wapi. Nikamjibu, bila hata kupepesa, kwamba ni akiba yangu. Akiba ya siku nne! Nilirudi nyumbani na pasipoti tupu, na chama kikataka pesa zake kabla ya jua kutua.

Mzee alinyamaza. Kumbe baba mdogo wa Mombasa alikuwa na mpango uo huo, awatumie milioni mbili wiki ya mahojiano. Tukakubaliana abaki nazo, ila aandike barua ya kweli kwamba atasaidia karo, na aambatanishe taarifa ya benki yake mwenyewe inayoonyesha jinsi pesa zilivyoingia mwezi kwa mwezi kutoka dukani. Pesa zinazokua polepole huaminika kuliko zilizoshuka usiku mmoja.

Nikamtania binti: kwa nini asisome hapa, au India? Alikuwa na jibu tayari. Bodi ya serikali inayowagawia wanafunzi nafasi vyuoni huwapa raia, kwa hiyo hapa angelipa karo ya mgeni. Na India nako, raia anayeishi ng'ambo huwekwa mara nyingi katika fungu lake mwenyewe, lenye karo yake. "Anti, kote mimi ni wa nje," akasema, akicheka. Mamake, aliposimuliwa baadaye, hakucheka.

Si wa kwanza. Kenya ilipopata uhuru mnamo Desemba 12, 1963, watu wa asili ya Kiasia walipewa miaka miwili kuamua kama watajiandikisha kuwa raia. Wengi walibaki na pasipoti za Uingereza. Mwaka 1967 bunge letu likapitisha sheria za vibali vya kazi na leseni za biashara, nao wakaanza kufungasha virago. Uingereza ilipoona ndege zinajaa, bunge lake likakimbiza sheria kwa siku chache tu, ikaanza kutumika Machi 1, 1968. Mwenye pasipoti ya Uingereza ambaye yeye, mzazi wake au babu yake hakuzaliwa kule, akageuka mtu wa kupanga foleni kungoja hati ya ruhusa. Fikiria mtu mwenye pasipoti ya London, duka la Nairobi na jamaa wa Gujarat, asijue aende wapi.

Wala si Wahindi pekee. Mugo Gatheru, Mkikuyu aliyetamani kusoma Marekani, alipitia kwanza India mwaka 1949. Alipofika Marekani hatimaye, idara ya uhamiaji ikaja kutaka kumfukuza, na marafiki zake wakaipigania kesi hiyo kwa miaka. Kitabu chake cha 1964 alikiita Child of Two Worlds, yaani mtoto wa dunia mbili. Nilimwazima binti nakala yangu yenye jalada lililochakaa. Hajairudisha.

Basi tukajifunga kibwebwe. Alijaza fomu ya DS-160 kwa kweli tupu, hata penye swali la makazi. Akalipa dola 350 za mfumo wa kuwasajili wanafunzi wa kigeni na dola 185 za viza, jumla karibu Sh69,000 kwa viwango vya mwaka huo. Picha ilipigwa Westlands, senti­mita 5 kwa 5, bila miwani, naye bila miwani ni kama popo mchana. Kabla hajapata tarehe ya mahojiano, mwishoni mwa Mei, serikali ya Marekani ikaamuru balozi zake zisitishe kutoa tarehe mpya kwa wanafunzi. Wiki tatu za kula kucha! Zilipofunguliwa tena Juni, likaja sharti jipya: mwombaji aziache wazi kurasa zake zote za mitandao ya kijamii ili zikaguliwe. Binti alikesha akizipitia, na nadhani babake ndiye aliyeshtuka zaidi kwa alichokiona, yaani picha 400 za paka.

Jambo lililotutisha kweli lilikuwa pasi ya mtegemezi. Ilibakiza wiki chache tu iishe. Ungemwambiaje ofisa kwamba makazi yako ni Nairobi ilhali karatasi ya Nairobi inakaribia kufa? Mzee alikwenda Nyayo House mara nne. Mara ya nne alibeba chai ndani ya chupa na kuketi mpaka karani akamwita kwa jina. Pasi mpya ilitoka siku sita kabla ya mahojiano.

Siku yenyewe ya Julai nilimsindikiza hadi Gigiri, kwa sababu babake alisema miguu yake haimtii. Watu wa nje hawaingii, kwa hiyo nilingoja ng'ambo ya barabara na wazazi wengine, kila mmoja akijifanya anasoma gazeti. Alitoka baada ya saa mbili, bila pasipoti. Anayejua mambo ya pale anajua kwamba ofisa akikubali, pasipoti hubaki kwake ili itiwe viza.

Alinisimulia tukiwa kwenye matatu ya kurudi mjini. Alikuwa dirishani kwa dakika zisizozidi tano. Aliulizwa kwa nini Texas, nani atalipa, na babake hufanya kazi gani. Faili nene kama tofali halikufunguliwa, ila ukurasa mmoja tu. Kisha swali likaja.

"Wewe ni raia wa India. Utarudi wapi?"

"Nairobi," alijibu. "Pasipoti yangu ni ya India. Nyumbani ni Parklands. Wazazi wako huko, ndugu yangu anasoma huko, na kibali chetu ni hiki."

Ofisa alitazama kile kibali, akachapa kitu kwenye kompyuta, akamtakia masomo mema.

Septemba iliyofuata, binti akiwa tayari darasani, Marekani ikatangaza kwamba wanaoomba viza za muda waombe katika nchi ya uraia wao au ya makazi yao. Kwa hiyo wadogo zake wa Parklands wenye pasipoti za India bado wanaweza kwenda Gigiri, mradi waonyeshe kwamba kweli wanaishi hapa kihalali. Kwa familia kama hizo kibali cha Nyayo House kimekuwa hati ya kwanza failini.

Mzee alinipigia simu Oktoba. Nilidhani ni habari za mtoto. Kumbe kiwanda kimeanza kupunguza wafanyakazi, na kibali chake cha kazi kinafungamana na kiwanda hicho. Kikifa kibali, pasi ya binti inakwenda nacho.

"Dada," akaniambia, "mtoto ameahidi Wamarekani kwamba atarudi Nairobi. Sasa ni mimi ninayepaswa kuhakikisha Nairobi itampokea."

Jumatatu yake alikuwa Nyayo House saa moja asubuhi, na chupa yake ya chai. Safari hii anaulizia fomu za uraia. Amekaa hapa kihalali kwa zaidi ya miaka saba ambayo katiba inaitaka, lakini akiwa Mkenya itabidi airudishe pasipoti ya India, kwa kuwa India hairuhusu raia wake kuwa na uraia wa pili. Mkewe hajakubali. Wanalizungumza kila jioni baada ya chakula.