Magome ya Muthiga na Vidonge vya Siku 14

Soko la Gakoromone mjini Meru, kama lile la Runyenjes kule Embu, halikosi muuzaji wa magome ya muthiga na unga wa mwarobaini, wala katika maradhi anayoyanadia dawa zake hayakosi madonda ya tumbo. Na mnunuzi wake, aghalabu, ni mtu aliyekwisha kupewa vidonge vya hospitali, akaazimia kuvitumia vyote pamoja, asimwambie daktari habari za magome wala muuzaji habari za vidonge. Simlaumu kwa kuchanganya. Namlaumu, na pamoja naye nawalaumu matabibu wasiomwuliza, kwa kuyafanya maumivu kuwa ndiyo shahidi wa kupona, ilhali maumivu ni shahidi mwongo.

Tangu Barry Marshall na Robin Warren wa Perth, Australia, walipokitambua kijidudu cha Helicobacter pylori mwaka 1982, kazi iliyowapatia tuzo ya Nobel mwaka 2005, imethibiti kwamba madonda mengi ya tumbo asili yake ni kijidudu hicho. Na mwaka 1994 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani ilikihesabu miongoni mwa visababishi vya saratani. Watu wa miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya wana haki ya kulitia neno hilo maanani kuliko wengine, maana uchunguzi uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha kuwa saratani ya tumbo si maradhi ya nadra huku.

Tiba ya kijidudu hicho ni omeprazoli ya kupunguza asidi, pamoja na viuavijasumu viwili, kama amoksilini na klarithromisini, kwa muda wa siku 14. Vidonge hivyo hutia uchungu mdomoni na kichefuchefu. Na kwa kuwa omeprazoli peke yake hutuliza tumbo katika siku chache, wengi huacha dozi njiani, wakidhani wamepona.

Basi na mimea je? Muthiga haustahili dharau: gome lake kali wazee walilitafuna kwa kikohozi na kwa tumbo, na wanakemia wametoa ndani yake polygodial, ambayo katika maabara imedhuru kuvu na vijidudu kadhaa. Lakini maabara si tumbo. Kule Saudi Arabia, katika jaribio lililochapishwa mwaka 2010 kwa wagonjwa 88, waliopewa gramu 2 za habasoda kila siku pamoja na omeprazoli walipona kiasi cha 67 katika kila 100, na waliotumia dawa za kawaida kiasi cha 83. Na waliozidishiwa habasoda hadi gramu 3, kinyume cha tamaa ya kila anayeamini kwamba kingi ndicho bora, walipona wachache zaidi. Huko Japani machipukizi ya brokoli yalikipunguza kijidudu kwa wiki 8, na yalipoachwa kikarudi kama kilivyokuwa. Yamkini waliokula walijiona wazima kabisa.

Tena upo mmea ambao Mmeru haufikirii kuwa ni dawa, walakini huingia tumboni pamoja na dawa, nao ni miraa. Watafiti walionyesha mwaka 1997, kwa watu wa Yemen, kwamba kutafuna hupunguza ampisilini inayofika damuni, na amoksilini pia, japo kwa uchache. Ila aliyemeza saa mbili baada ya kumaliza kutafuna hakupungukiwa. Swali moja la daktari wa mjini Maua lingetosha kuokoa dozi nzima, nalo haliulizwi.

Nionavyo, magome yaendelee kuchemshwa kwa anayeyataka, maadamu dozi inamalizwa na tabibu anajua. Kisha, wiki 4 baada ya kidonge cha mwisho cha kiuavijasumu, na wiki 2 bila omeprazoli, choo kipimwe. Si damu, kwani alama za kijidudu hubaki damuni muda mrefu hata baada ya mtu kupona. Serikali za kaunti za Meru na Embu zikigharimia kipimo hicho cha pili, muuzaji wa Gakoromone naye awaambie wateja wake wamletee majibu, ayabandike juu ya meza yake, yawe mema au mabaya.